Mche wa Chai Mpakani: Miongo Minne ya Harakati za Ardhi za Waadivasi wa Gudalur

Mji wa Gudalur uko kwenye miteremko ya milima ya Nilgiri, kusini mwa India, pale majimbo ya Tamil Nadu, Kerala na Karnataka yanapokutana. Barabara tatu zinaingia mjini: moja inapanda Ooty, moja inashuka kuelekea pwani ya Malabar, na ya tatu inakwenda Mysore kupitia msitu wa Mudumalai. Anayepita kwa basi huona chai pande zote, vichaka vilivyokatwa sawasawa hadi upeo wa macho. Ni vigumu kwake kujua kwamba pembezoni mwa mashamba hayo, kwenye mabonde na kingo za msitu, kuna vitongoji vya watu waliokuwa hapa kabla ya mche wa kwanza wa chai kuletwa. Hao ndio Waadivasi, wenyeji wa kale wa India.

Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu watu zaidi ya milioni 104 wa makabila hayo nchini India, asilimia 8.6 ya wananchi wote. Wa Gudalur na wilaya ndogo jirani ya Pandalur ni wachache mno katika hesabu hiyo. Hata hivyo, tangu katikati ya miaka ya 1980 wamejenga chama chao, hospitali yao, shule yao na shamba lao la chai. Ukivitazama kimoja kimoja utadhani ni miradi minne. Ukifuatilia jinsi kila kimoja kilivyozaliwa, utaona kwamba vyote vilitokana na dai moja la ardhi, na kwamba kila kimoja kilianzishwa baada ya watu kugundua njia nyingine ambayo ardhi ilikuwa ikiwaponyoka. Hilo ndilo somo la Gudalur, na ndilo linaloifanya historia hii istahili kusimuliwa.

Nchi iliyogawanywa mbele ya wenyewe

Makabila matano yanaishi katika eneo hili. Wapaniya walikuwa vibarua wa mashamba ya mpunga. Wabettakurumba wanajulikana kwa ujuzi wa msitu na wa kufuga tembo. Wengi wao wamefanya kazi katika kambi ya tembo ya Theppakadu, ndani ya Mudumalai. Wakattunayakan ni warina asali wasio na mfano. Wamullukurumba walikuwa wawindaji wa upinde, na pia hulima mpunga. Wa tano ni Wairula. Kila kabila lina lugha yake na mizimu yake, na zamani halikuwa na sababu ya kukaa kikao kimoja na jingine.

Ardhi yao ilichukuliwa kwa awamu. Watawala wa Nilambur, wenye haki za umwinyi zilizoitwa janmam, walihesabu misitu hii kuwa mali yao. Katika karne ya 19 walikodisha maeneo makubwa kwa makampuni ya Waingereza. Kati ya mwaka 1879 na 1882 eneo la Pandalur na Devala lilivamiwa na watafuta dhahabu. Makampuni yakafilisika, na mashamba ya kahawa na chai yakatamalaki. Mwaka 1940 sehemu ya Mudumalai ikatangazwa hifadhi ya wanyama. Baada ya uhuru wakaja walowezi kutoka Kerala kutafuta mashamba. Kufuatia mkataba wa mwaka 1964 kati ya India na Sri Lanka, maelfu ya Watamil walirudishwa India, na mwaka 1968 serikali ya jimbo ikaanzisha mashamba makubwa ya chai ili kuwapa ajira. Waliorudishwa hao walikuwa na dhiki yao ya kweli, na walowezi wengi walikuwa maskini. Lakini kila aliyekuja alipewa, alikodi au alijikatia kipande, na kila kipande kilikuwa na mtu ambaye hakuulizwa.

Wapaniya waliumia kuliko wote. Katika sikukuu ya hekalu la Valliyoorkavu, huko Wayanad ng'ambo ya mpaka wa Kerala, mabwana mashamba walikuwa wakiwalipa Wapaniya posho ndogo na kuwafunga kwa kazi ya mwaka mzima. Ilikuwa ni utumwa wa deni. Sheria ya kuukomesha nchini kote ilipitishwa mwaka 1976, lakini sheria haikuwapa waliofunguliwa shamba la kulima, wala haikuwaondolea woga wa kumtazama tajiri machoni.

Mwaka 1969 bunge la Tamil Nadu lilipitisha sheria ya kufuta umwinyi wa janmam katika Gudalur. Ingeweza kuwa mwanzo mpya. Badala yake yakafuata mashauri yasiyokwisha baina ya serikali, mabwana wa zamani na makampuni ya chai. Mji huu mdogo umeipa India kesi mbili ambazo kila mwanasheria wa huko anazifahamu. Ya kwanza, ya I. R. Coelho, ilianza na sheria hiyo ya janmam na kumalizika Januari 2007, majaji tisa wa Mahakama ya Juu walipoamua kwamba hakuna sheria inayoweza kufichwa isichunguzwe kama inavunja msingi wa katiba. Ya pili ni ya T. N. Godavarman Thirumulpad, wa ukoo wa Nilambur, aliyekwenda mahakamani mwaka 1995 kulalamikia ukataji wa miti Gudalur. Amri iliyotolewa Desemba 12, 1996 ilibadili maana ya msitu kisheria kwa nchi nzima. Katika kesi hizi mbili zilizohusu ardhi ya Gudalur, mdai hakuwa Mwadivasi.

Vikao vya vitongoji

Katikati ya miaka ya 1980 wanandoa Stan na Mari Thekaekara walianzisha shirika la ACCORD mjini Gudalur, wakiwa na kikundi kidogo cha vijana, Waadivasi miongoni mwao. Hawakuja na mradi wa visima wala wa cherehani. Walitembea kitongoji hadi kitongoji, wakakaa jioni na wazee, wakauliza ni kitu gani kinawasumbua. Jibu lilikuwa lile lile kila walikokwenda: ardhi inachukuliwa.

Kutokana na vikao hivyo ukaundwa utaratibu ambao bado unafanya kazi. Kila kitongoji kina sangam yake, yaani kikundi cha wanakijiji wanaokutana na kuamua mambo yao. Sangam za jirani huungana katika kanda, na kanda zote huungana katika Adivasi Munnetra Sangam, chama cha maendeleo cha Waadivasi, kifupi AMS. Kwa mara ya kwanza Mpaniya aliyezoea kusimama nje ya mlango alikaa mkeka mmoja na Mmullukurumba aliyejiona bora kuliko yeye, wakazungumzia shauri moja.

ACCORD ilijiwekea sharti ambalo mashirika mengi hutamka na machache hutimiza: kwamba nguvu iwe kwa chama cha wenyewe, na shirika libaki mtumishi. Vijana wa Kiadivasi walifundishwa kusoma ramani za ardhi, kuandika malalamiko, kuingia ofisi ya polisi na kuuliza kwa nini ndugu yao amekamatwa. Mambo hayo yanaonekana madogo kwa mtu aliyezaliwa akijua haki zake. Kwa kijana ambaye baba yake alipigwa na mwenye shamba bila mtu kusema neno, kumdai polisi karatasi ya mashtaka kulikuwa kuvuka mto mkubwa.

Desemba 5, 1988

Tarehe hiyo AMS iliitisha maandamano ya kudai ardhi. Waadivasi wapatao 10,000 walishuka Gudalur kutoka vitongoji vya milimani na mabondeni. Ikumbukwe kwamba eneo zima lina Waadivasi takriban 20,000. Maana yake karibu kila nyumba ilimtoa mtu.

Watu wa mjini hawakuwahi kuona jambo kama lile. Waliozoea kumwona Mwadivasi mmoja mmoja, ameinamisha kichwa, sasa waliona barabara kuu imejaa kutoka mwanzo hadi mwisho. Madai yalikuwa matatu na yalieleweka na kila mtoto: ardhi iliyochukuliwa irudishwe, wanaoishi juu ya ardhi yao wapewe hati, na wanaowaondoa kwa nguvu wazuiwe.

Serikali haikugawa hati siku ile. Lakini kitu kimoja kilibadilika asubuhi iliyofuata, nacho ni hesabu ya nguvu. Mlowezi aliyetaka kusogeza uzio wake usiku alijua sasa kwamba kitongoji kile si cha nyumba nane zilizojitenga. Nyuma yake kuna watu 10,000. Tarehe hiyo imebaki siku ya Waadivasi wa Gudalur, na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa wanaijua kama tunavyojua siku ya uhuru.

Mche kama ushahidi

Baada ya maandamano likaja swali gumu zaidi: utaishikaje ardhi isiyo na hati? Waadivasi wengi walilima mazao ya msimu, kisha wakaiacha ardhi ipumzike na kulima pengine. Kwa ofisa wa ardhi, shamba lililopumzishwa ni pori. Kwa mlowezi, pori ni mwaliko.

Jibu lilitoka katika zao lile lile lililowanyang'anya. Chai ni mti wa miaka mingi. Ukishashika mizizi, huwezi kusema kwamba ardhi ile haina mtu. Huchumwa mara kwa mara mwaka mzima, hivyo mwenyewe yupo shambani kila wiki na jirani anamwona. Na majani mabichi huleta fedha taslimu. Chama kikaanzisha vitalu na kugawa miche, na mamia ya familia wakapanda chai, wengine wakachanganya na kahawa na pilipili manga.

Kazi yenyewe ilifanywa kwa pamoja. Kwanza wazee waliitwa waonyeshe mipaka: hapa makaburi ya ukoo, pale mti wa mizimu, kule mahali palipokuwa na nyumba kabla ya moto. Kisha siku moja kitongoji kizima, pamoja na majirani kutoka sangam nyingine, walifyeka, wakachimba mashimo kwa kufuata mteremko na kupanda. Familia moja ikipanda peke yake ingeng'olewa miche kesho yake. Watu wakiwa wengi, aliyekuja kung'oa alilazimika kwanza kuzungumza.

Wapo waliong'olewa miche, na wapo waliofunguliwa mashtaka ya kuvamia ardhi ya baba zao wenyewe. Walipanda tena. Naamini huu ndio ujasiri mkubwa kuliko wowote katika historia hii, kwa sababu maandamano ni ya siku moja, lakini mche wa chai unahitaji miaka kama mitatu ya kupaliliwa kabla haujaanza kulipa.

Ugonjwa unapokula shamba

Haikuchukua muda kabla ya chama kuona kwamba ardhi iliyookolewa kwa mwananchi mmoja ilikuwa ikipotea kwa mwingine kupitia mlango wa nyuma. Mama akizidiwa na uchungu wa uzazi, mtoto akishikwa na homa kali, familia ilikimbilia kukopa, na kitu pekee cha kuweka rehani kilikuwa shamba. Wengine hawakukopa. Walikaa na mgonjwa wao nyumbani hadi mwisho, kwa kuwa hospitali za mjini ziliwatia hofu kuliko kifo.

Madaktari wawili, N. Devadasan na Roopa Devadasan, waliungana na ACCORD na kuanza kuwafundisha wanawake wa vitongojini kuwa wahudumu wa afya. Mwaka 1990, kupitia taasisi iliyoitwa ASHWINI, ikafunguliwa Hospitali ya Waadivasi ya Gudalur, na baadaye daktari wa upasuaji Nandakumar Menon na mkewe Shyla, ambaye pia ni daktari, wakaibeba kazi hiyo kwa miaka mingi. Wauguzi wake ni mabinti wa Kiadivasi waliofundishwa pale pale. Mgonjwa akifika, anapokewa kwa lugha yake na mtu anayemjua shangazi yake. Nafikiri hakuna dawa iliyoleta wagonjwa wengi zaidi katika hospitali ile kuliko jambo hilo.

Mwaka 1992 wakaanzisha bima ya afya ya jamii, mojawapo ya za mwanzo za aina yake nchini India. Wanachama wa sangam walichanga kiasi kidogo kila mwaka. ASHWINI ikanunua bima ya pamoja kutoka kampuni ya bima, na mwanachama akilazwa hakudaiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba wenye bima hiyo walilazwa hospitalini zaidi ya mara mbili ya wasio nayo, maana yake waliokuwa wakibaki nyumbani kwa kukosa fedha sasa walitibiwa. Kila ada iliyolipwa na bima ilikuwa deni ambalo halikuandikwa kwenye daftari la mkopeshaji.

Msomaji wa Afrika Mashariki atashtuka kujua kwamba ugonjwa wa selimundu, tunaoufahamu mno huku kwetu, uliripotiwa India kwa mara ya kwanza mwaka 1952 katika milima hii hii ya Nilgiri. Wapaniya na majirani zao waliishi na maumivu hayo vizazi na vizazi bila kuyajua kwa jina. Hospitali ya Gudalur ilianza kuwapima, kuwafuatilia majumbani na kuwapa dawa, na wagonjwa waliozoea kuambiwa wana uvivu wa kazi wakaeleweka.

Shule na majina ya miti

Watoto wa Kiadivasi waliacha shule za serikali mapema. Walichekwa kwa lugha yao, walikalishwa nyuma, na hakuna kitabu kilichowataja. Walimu B. Ramdas na mkewe Rama walikuwa na shule ndogo iitwayo Vidyodaya, na katikati ya miaka ya 1990 ikageuzwa kuwa shule ya Waadivasi chini ya usimamizi wa jamii. Vijana wa Kiadivasi walifundishwa ualimu, nyimbo na hadithi za wazee zikaingia darasani, na mtoto akajifunza hesabu na majina ya miti ya msitu wake kwa siku moja.

Hili nalo ni shauri la ardhi. Anayejua mti upi ni wa asali na chemchemi ipi haikauki ana ushahidi ambao ofisa wa misitu hana. Na anayejua kusoma hawezi kuwekeshwa dole gumba kwenye mkataba asioufahamu.

Kitongoji kimoja cha Gudalur, Chembakolli, kilipata umaarufu usiotarajiwa. Shirika la ActionAid lilitengeneza vifaa vya kufundishia vilivyoeleza maisha ya kitongoji hicho, na watoto wengi wa shule za msingi Uingereza wakajifunza jiografia ya India kwa kumsoma Mwadivasi.

Madhuvana, na mtihani wa bei

Mwishoni mwa miaka ya 1990 jamii hii ilipiga hatua ambayo hakuna aliyeiota mwaka 1988: ilinunua shamba la chai la Madhuvana, lenye zaidi ya ekari 170. Watu waliokuwa vibarua wa chai wakawa wenye shamba kwa pamoja, na faida ikakusudiwa kuendesha hospitali, shule na chama.

Wakati huo huo bei ya chai ikaporomoka. Wakulima wadogo wa Nilgiri nzima walijikuta wakiuza majani kwa bei isiyolipa hata gharama ya kuchuma. Waliojiona wameokoka waligundua kwamba mtu anaweza kuwa na shamba na bado soko likamnyang'anya jasho lake.

Kutokana na pigo hilo likazaliwa wazo la Just Change, ushirika unaowaunganisha moja kwa moja wanaolima na wanaotumia. Chai ya Gudalur ilipelekwa kwa vikundi vya wakazi wa mitaa maskini Uingereza, na ndani ya India kwa vikundi vya wanawake wa Kerala, huku mchele, nazi na sabuni vikirudi upande wa pili. Biashara hiyo haikuwa kubwa kiasi cha kutikisa soko la dunia, lakini iliwapa wanachama ufahamu wa bei ambao mchuuzi wa majani hakutaka wawe nao.

Sheria ya 2006

Mwezi Desemba 2006 bunge la India lilipitisha Sheria ya Haki za Misitu, tunda la madai ya vyama vya Waadivasi kote nchini. Ndani yake serikali ilikiri kwamba jamii za misituni zilitendewa dhuluma ya kihistoria. Sheria inamtambua aliyekuwa akiishikilia ardhi ya msitu kabla ya Desemba 13, 2005, hadi hekta nne kwa familia. Inatambua pia haki za pamoja: kuchuma asali na mazao mengine ya msitu, kuchunga, kuvua, na kuusimamia msitu wenyewe. Zaidi ya yote, mwenye kuanzisha madai ni mkutano wa kijiji, gram sabha. Mwaka 2013 mikutano 12 ya vijiji vya Wadongria Kondh, katika milima ya Niyamgiri jimboni Odisha, ilitumia nguvu hiyo kukataa mgodi wa boksiti, na mgodi haukuchimbwa.

Gudalur ilikuwa tayari. Sangam zilizoanza kuchora mipaka kwa kumfuata mzee porini zilijua kujaza madai, na chai ya miaka 15 ilisimama kama shahidi asiyehongeka. Lakini Tamil Nadu ilichelewa kuliko majimbo mengi, kwa sababu amri ya mahakama ilizuia utoaji wa hati kwa miaka kadhaa. Kabla ya hapo, mwishoni mwa mwaka 2007, Mudumalai ilitangazwa hifadhi ya chui milia, na familia zilizo ndani zikawekewa mpango wa kuhama kwa fidia. Mtu ambaye hajawahi kushika fedha nyingi, akipewa rupia milioni moja na kuondolewa msituni, hupoteza vyote viwili upesi.

Februari 13, 2019 ilikuja hofu nyingine. Mahakama ya Juu iliagiza waliokataliwa madai yao nchini kote, zaidi ya milioni moja, waondolewe. Vyama vya Waadivasi vilipaza sauti kila jimbo, na Februari 28 amri hiyo ikasimamishwa. Ilitosha kuwakumbusha watu kwamba hata sheria njema inaweza kugeuzwa ikiwa hakuna anayeilinda kutoka chini.

Kazi inayobaki

Wapo Waadivasi wa Gudalur ambao mpaka sasa wanasubiri hati. Wapo vijana wanaokwenda mijini kutafuta vibarua, na tembo waliobanwa na mashamba huingia vitongojini usiku. Anayeadhimisha historia hii bila kuyataja hayo hawatendei haki waliopanda miche na kuiona iking'olewa.

Hata hivyo, miongo minne imethibitisha jambo ambalo kila mpigania ardhi anapaswa kulichukua. Hati ni muhimu, na ni lazima idaiwe hadi itolewe. Lakini familia yenye hati na mgonjwa asiye na matibabu itauza. Yenye hati na mtoto asiyesoma itadanganywa. Yenye hati na zao lisilo na bei itahama. Waadivasi wa Gudalur walilijua hilo kwa kuumia, wakajibu kila jeraha kwa kujenga kitu wanachokimiliki wenyewe, na hawakusubiri serikali iwape ruhusa ya kuanza. Heshima tunayoweza kuwapa ni kusimama upande wao mpaka kila kitongoji kilichoandamana mwaka 1988 kipate hati ya ardhi yake, kwa jina la watu wanaoishi juu yake.